Oblasti, krai, województwo: tuziite zote mkoa?

Anayetafsiri habari za vita vya Ukraine hukutana kila siku na neno oblasti, yaani eneo kubwa la utawala nchini Ukraine na Urusi. Mmoja huandika mkoa wa Kharkiv, mwingine jimbo la Kharkiv, wa tatu oblasti ya Kharkiv. Asiyeijua ramani atadhani ni maeneo matatu.

Wanaotetea mkoa wana hoja nzito. Oblasti imetokana na neno la Kislavi lenye maana ya mamlaka. Wilaya yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, nayo shina lake ni mamlaka. Wazo ni lile lile: eneo ni pale amri ya mtawala inapofika. Kwa nini basi tumbebeshe msomaji neno geni? Jimbo silipendekezi kabisa. Mtanzania akilisikia anamfikiria mbunge, Mkenya anakumbuka enzi za kabla ya kaunti, na Mkongomani anayo majimbo yake hadi leo.

Lakini tazama Poland. Tangu 1 Januari 1999 ina województwo 16, yaani maeneo yake makubwa ya utawala, badala ya 49 zilizokuwepo tangu 1975. Mwakilishi wa serikali katika kila województwo ni wojewoda, jina la kale la kiongozi wa vita; huteuliwa na waziri mkuu, na pasipoti ya raia hutolewa na ofisi yake. Hadi hapo ni mkuu wa mkoa tunayemjua. Ila katika eneo hilo hilo yupo marszałek, anayechaguliwa na baraza lililopigiwa kura na wananchi, naye ndiye anayeshughulika na treni na hospitali za mkoa. Mkoa wa Tanzania hauna baraza la namna hiyo. Ukiandika mkoa bila maelezo, marszałek anafutika, na hilo ni kosa kubwa.

Urusi mambo ni mepesi zaidi. Krai, aina nyingine ya eneo la utawala la huko, maana yake ya asili ni ukingo, na krai ya Primorsky inayopakana na China inalistahili jina hilo. Krai ya Perm, iliyozaliwa 2005 baada ya maeneo mawili kuunganishwa, haigusi mpaka wowote wa nchi. Katiba inazipa krai na oblasti haki sawa, kwa hiyo mkoa unatosha kwa zote mbili. Tatarstan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, ibaki jamhuri, kwani ina haki ya kuwa na lugha yake rasmi.

Ninachokihofia zaidi ni raioni, sehemu ndogo ndani ya oblasti, tunayoiita wilaya. Mwaka 2020 Ukraine ilizipunguza kutoka 490 hadi 136. Mji uleule unaweza kuwa ndani ya wilaya moja katika habari ya 2019 na nyingine katika habari ya leo, kwa hiyo mfasiri aangalie kwanza tarehe ya ramani yake.