Kahawa ni ileile, mbona kila nchi na bei yake?

Kikombe kimoja cha kahawa Uswisi, kwa hela hiyohiyo ukivuka mpaka tu ukaingia Italia unakunywa vitatu na pengine chenji inabaki, na wala hakuna hata nchi moja kati ya hizo mbili inayojulikana kwa kulima kahawa. Watu wakiona hivyo wanagawanyika haraka sana. Kuna wanaosema huu ni wizi wa wenye migahawa, na kuna wanaosema hilo ni soko tu, asietaka anywe maji. Mi naona pande zote mbili zina hoja, ila zinabishania kikombe wakati tatizo lipo kwenye gunia.

Tuanze na hesabu. Espresso moja, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inatumia kama gramu 7 za kahawa ya kusaga, yaani kilo moja inatoa vikombe zaidi ya 100. Na buni yenyewe bei haipishani sana, ziko aina mbili kuu, arabika inafuata soko la New York, robusta inafuata London, kwa hiyo mnunuzi wa Zurich na wa Milano wanaangalia namba zilezile. Sasa kama buni ni bei moja, tofauti inatoka wapi? Inatoka kwa mtu anaekuhudumia na mahali ulipokaa. Mhudumu wa Uswisi lazima alipwe mshahara wa Uswisi, la sivyo anaenda kazi nyingine, na mashine haimfanyi atoe vikombe vingi kuliko mwenzake wa Italia. Wachumi Balassa na Samuelson walilieleza hili tangu 1964, kila mmoja kivyake, kwamba nchi ikitajirika huduma zake zinapanda bei hata kama anaehudumu hafanyi chochote cha ziada, ndo maana hata kunyoa nywele kunakuwa ghali hukohuko.

Halafu kuna mazoea, na hapa watu wanapasahau sana. Italia wengi wanakunywa wamesimama kaunta, dakika mbili mtu kaondoka, kaunta moja inahudumia watu wengi mno asubuhi moja. Ukikaa mezani, mgahawa huohuo, mara nyingi bei inapanda. Kwingine mtu anafungua kompyuta yake anakaa saa nzima na kikombe kimoja, hapo alicholipia zaidi ni kiti. Ongeza na kodi, Ujerumani kwa mfano inatoza euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa, buni iwe ghali au iwe rahisi.

Kwa hiyo wanaosema sio wizi, kwenye kikombe wako sahihi kabisa.

Ila ukishuka mpaka shambani mambo yanabadilika. Zamani kulikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ulisainiwa 1962, nchi zilikuwa zinapangiwa kiasi cha kuuza ili bei isiporomoke. Mgao huo ulivunjika Julai 1989 na bei ikaanguka, na 2001 arabika ikafika chini ya senti 50 za dola kwa ratili, yaani kama gramu 450. Kwa bei hiyo, buni ya espresso moja ilikuwa haifiki hata senti moja! Wakulima waling'oa mibuni, watoto wakatolewa shule, na wanywaji wa migahawani hawakuona bei ikishuka kwa kiasi hicho. Februari 2025, baada ya ukame Brazil, arabika ikapita dola 4 kwa ratili, piga hesabu tena unapata kama senti 7 kwa espresso, na hapo ni bei ya juu kuliko zote zilizokuwa zimewahi kuonekana kwenye soko hilo hadi wakati huo, bila kuhesabu mfumuko wa bei. Yaani mkulima angeweza kulipwa mara mbili au tatu ya ile ya 2001 na mnywaji wa mgahawani asingegundua. Kwenye paketi ya dukani angegundua, maana pale hakuna mhudumu wala kiti, buni ndo sehemu kubwa ya gharama, na hilo lisemwe wazi kwa sababu kati ya wanaonunua paketi wapo wenye kipato kidogo.

Je turudishe mgao? Moyo wangu unasema ndio, ila nikiangalia nasita. Mgao uliwalinda waliokuwa tayari sokoni, Brazil na Colombia zikiwa na fungu kubwa, na hela nyingi ziliishia kwenye bodi za serikali kabla ya kumfikia mkulima. Vietnam ilikuja juu kwa kasi hasa miaka ya 1990, baada ya mgao kufa, leo ni ya pili duniani kwa kuzalisha. Mgao ungebaki, wale wakulima wa robusta wa nyanda za juu za kati Vietnam wangeuza wapi?