Mama Mkwe na Gigahezi 2.4

Mimi na maendeleo hatuna ugomvi. Kinachoniuma ni kwamba siku hizi kitu kikiharibika ndani ya nyumba, hakuna cha kukishika mkononi ukasema, "Mwenye makosa huyu hapa." Enzi za waya, intaneti ikikata unaufuata waya. Unapiga magoti, unajipenyeza chini ya meza, unakuta panya kautafuna au mtoto kaung'oa. Unatoka na vumbi kichwani, lakini una ushahidi. Sasa hivi intaneti inakuja kwa Wi-Fi, yaani kwa mawimbi ya redio, nawe unasimama katikati ya sebule unaikodolea hewa. Na hewa haihojiwi.

Matokeo yake, lawama zote zimehamia kwa mwenye nyumba. "Baba, mtandao umekata." Inavyosemwa utadhani nimeukata mimi, usingizini, kwa wivu.

Basi nikasema, ngoja nimtafute wa kumtupia mzigo huu. Nikaanzia mbali kabisa, mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii. Huko Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa tofauti kwa mawimbi ya redio, mtandao wakauita ALOHAnet. Huyu nikamwachia huru mara moja. Mwenzangu alikuwa na bahari katikati. Mimi kati yangu na ruta, kile kiboksi kinachorusha Wi-Fi, pana ukuta mmoja na kabati la nguo.

Nikasogea hadi 1985. Hapo ndipo nilipoanza kunusa mshukiwa. Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu watumie bila leseni masafa fulani ya redio, likiwemo eneo la gigahezi 2.4 (mawimbi yanayotetema mara bilioni 2.4 kwa sekunde), ambayo kabla ya hapo yalikuwa yameachiwa mitambo ya viwandani, vifaa vya tiba na majiko ya maikrowevu. Majiko! Yaani yale masafa mazuri yalikuwa na wenyewe, redio, televisheni, ndege, majeshi. Sisi tukaonyeshwa uwanja wa nyuma, mahali ambapo kila kifaa kinapiga kelele zake, tukaambiwa jengeni hapa, ni bure.

Ndiyo maana mtu akipasha chakula jikoni, mimi naganda kwenye kikao cha kazi. Hesabu yenyewe haina huruma: ruta ya nyumbani inatoa kama sehemu ya kumi ya wati, na jiko la maikrowevu linachemsha kwa wati mia saba, mengine elfu. Mlango wake unazuia karibu yote, lakini hicho kidogo kinachovuja kinatosha kunifunga mdomo. Kufunga ingekuwa nafuu. Mimi huwa naganda mdomo ukiwa wazi, jicho moja limefumba, na bosi anabaki na sura hiyo mpaka wali upate moto.

Watu wengine waliohusika wana kesi ndogondogo. Yupo Vic Hayes, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya NCR, watengenezaji wa mashine za kupokelea pesa madukani. Walitaka mashine zao ziongee bila waya. Kuanzia 1990 akaongoza kamati ya kupanga kanuni za vifaa vyote vya mtandao usio na waya, na kanuni ya kwanza, ile iitwayo 802.11, ambayo ndiyo msingi wa Wi-Fi, ikatoka 1997. Miaka saba ya vikao! Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba kikao cha familia yangu kuhusu ruta ikae wapi hakijafungwa hadi leo.

Halafu kuna Waaustralia. Mhandisi John O'Sullivan na wenzake walikuwa wakisaka mawimbi ya mashimo meusi madogo (mashimo meusi ni yale yanayomeza hata mwanga) yanayolipuka huko angani. Hawakuyapata. Lakini ujuzi ule wa kuchambua mawimbi yaliyovurugika ukaja kuwafaa baadaye, walipokabiliana na tatizo la mawimbi ya redio yanayogonga kuta na kurudi yakiwa yamegongana yenyewe kwa yenyewe. Ujuzi huo umo ndani ya Wi-Fi. Nawaheshimu. Ila wangenipigia simu mapema ningewapa shimo jeusi moja, liko bafuni kwangu. Hakuna wimbi lililowahi kuingia humo likatoka na ujumbe.

Kuhusu kasi, sitaki hata kuanza. Mwaka 1997 ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde, 1999 ikafika 11, 2003 ikawa 54, na 2009 tukaahidiwa hadi 600. Hizo ni namba za kwenye boksi. Zinapatikana maabara, kifaa kikiwa kimoja, kimekaa karibu na ruta, na bila shaka bila watoto. Nyumbani kwangu video inazunguka ile duara yake huku alama ya mtandao juu ya simu imejaa pau zote. Alama ile ndiyo mnafiki mkuu. Inapima simu na ruta wanavyosikilizana, basi. Ruta yenyewe ikiwa imetengwa na dunia nzima, pau zinabaki zimejaa. Wawili wanasikilizana vizuri sana, ila hakuna hata mmoja mwenye habari.

Nikamwita fundi. Kijana mpole, akazunguka nyumba na simu mkononi akiangalia grafu. Akasema kabati la kioo linarudisha mawimbi. Sawa. Akasema majirani wote ruta zao ziko chaneli moja na yangu. Sawa, nikajua hata hewani tunabanana. Akasema nikihamia gigahezi 5 nitapata kasi zaidi, ila mawimbi hayo yakikutana na ukuta yanachoka upesi. Sawa. Kisha akasimama katikati ya sebule, akanyamaza, akaniangalia kwa jicho la huruma.

"Mzee, hapa huwa anakaa nani?"

Alikuwa ameelekeza kidole kwenye kiti cha mama mkwe.

Akanivuta pembeni akanieleza kwa sauti ya chini. Mwili wa binadamu, zaidi ya nusu yake ni maji. Maji yananyonya mawimbi ya gigahezi 2.4. Na kile kiti kiko sawasawa kwenye mstari kati ya ruta na chumba ninachofanyia kazi. Kwa hiyo, kitaalamu, mama anatakiwa ahame.

Kitaalamu! Nikamuuliza yule kijana kama ameoa. Akasema bado. Nikamlipa, nikamfungulia mlango.

Kwa maana huyo mama ana kosa la pili ambalo fundi alilitaja akiwa tayari anavaa viatu. Wi-Fi haina vurugu: kila kifaa kinasikiliza kwanza kama hewa iko kimya, ndipo kinasema. Viwili vikigongana, kila kimoja kinasubiri muda wake wa kubahatisha kisha kinajaribu tena. Watoto wangu hawana adabu hiyo. Tatizo ni kwamba kifaa cha zamani kinasema polepole, na kikishapata zamu, vyote vingine vinangoja kimalize. Simu ya mama mkwe ndiyo kongwe kuliko zote humu ndani. Akiifungua picha ya mjukuu wake, simu inaongea kama mwenyewe anavyosimulia misiba ya ukoo: hairuki hata jina moja, na hakuna anayethubutu kuingilia.

Nikaamua kunyamaza. Kuna matatizo ya teknolojia ambayo dawa yake ni uvumilivu na bando la simu. Lakini nilisahau kwamba mtoto wangu mdogo alikuwa chini ya meza wakati fundi anaongea.

Jioni, mezani, mbele ya kila mtu: "Bibi, eti wewe una maji mengi ndiyo maana intaneti haimfikii baba."

Mke wangu akaweka kijiko chini. Nikaanza kueleza habari za Hawaii.

Mama akainua mkono nikae kimya. Akamwomba mjukuu arudie maelezo yote, taratibu, kwa kuwa yeye hupenda kuelewa mambo. Mtoto akarudia, na kuongeza habari za simu kuukuu. Mama akatikisa kichwa, hakukasirika hata kidogo. Asubuhi yake nikakuta kiti kimehama, kimekaa ubavuni mwa ruta, karibu kabisa, na mama juu yake ana simu mpya aliyonunuliwa na binti yake kwa fedha ambazo nimezoea kuziita zangu.

Mtandao anaoupata pale haujawahi kupatikana ndani ya nyumba hii. Anaongea na ndugu zake wote kwa video, sura safi, sauti safi. Mimi bado nahangaika kule chumbani, na kila nikitoka nimeinua simu juu natafuta wimbi, ananitupia jicho la pembeni kisha ananiuliza kwa upole, "Vipi baba, kwako unafika?"