Siti tano, watu tisa

Jamani, kushindiliwa kwenye gari ndogo za abiria za Masasi kwenda Newala, huku Mtwara, kumenichosha. Gari lenyewe, Toyota Probox, lina siti tano, dereva akiwemo. Tunapangwa wanne nyuma, wawili mbele, wengine kwenye buti na viroba. Dereva akibadili gia, mkono wake unagonga goti la abiria.

Tukilalamika, dereva eti "gari ni lilelile, tulieni." Si lilelile! Likiwa tupu lina kama tani 1. Pakia watu 8 wa kilo 65, umeongeza zaidi ya nusu tani, na injini ni ileile ya cc 1500. Ndiyo maana kupanda uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, linaunguruma na gia namba moja, mshale wa joto unapanda, dereva anazima AC ambayo hata hivyo haikuwa ikitufikia nyuma.

Kurudi Masasi ndiko kubaya zaidi. Ule mteremko wote breki zinashikilia uzito huo kwa msuguano. Zikichemka, harufu ya kuungua inaingia ndani na pedali inaanza kuzama. Springi za nyuma zimelala, pua imeinuka, usukani unakuwa mwepesi, na usiku taa zinamulika matawi ya mikorosho badala ya barabara.

Halafu gari linasimama tena: "Mama, sogea kidogo, huyu anashuka hapo mbele." Mama amepakata mtoto. Asogee wapi? Kila mmoja kalipa nauli kamili, basi apewe siti kamili.