Saa kumi ya Ulaya

Jogoo wa pasele yetu, kiwanja chetu cha wapangaji, leo hakuwika. Amegeukia ukuta, shingo iko wazi kama ya mtu aliyekatiwa umeme akiwa kwa kinyozi, na mimi nimeamka saa mbili badala ya saa kumi na moja. Kwa hiyo bido zangu, madumu ya maji, kule bombani ziko nyuma ya bido za watu ambao hata avenyu hii hawakai.

Manyoya ya shingo yako wapi? Yako kwenye kisanduku cha mpwa wangu, yamefungwa kwenye ndoana yafanane na nzi, chambo cha kumdanganya samaki. Mpwa ametoka Liège, Ubelgiji, wiki iliyopita, anapumzika hapa Bukavu, halafu anaendelea Kenya, kwenye loji moja ya milima ya Aberdare, kuvua trauti. Huyo samaki hata huko si mwenyeji: ni mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliyemwagiza kutoka Loch Leven, Scotland, akamtia mto Gura mwaka 1905, kana kwamba wakoloni walikosa kitu kingine cha kuhamisha. Anapenda maji ya nyuzi joto 10 hadi 16 za Selsiasi. Yakipita 20 anaanza kuhema, kwa sababu maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo. Ziwa letu Kivu, juu, lina kama 24. Mpwa anajua vizuri kwamba hapa hapati hata mmoja, lakini eti lazima mkono uzoee. Uzoee wapi? Kwenye pasele yenye kamba nne za nguo, mabeseni sita na mwenye nyumba mmoja.

Kuhusu jogoo niseme tu kwamba alinyonyolewa bure. Nzi bandia wa kuelea anatakiwa manyoya yenye nyuzi fupi, ngumu, zisizonywa maji. Kuna jogoo wanaofugwa Marekani kwa kazi hiyo peke yake. Huyu wetu aliyelelewa kwa makombo ya fufu ana nyuzi ndefu na laini. Zinafaa ndoana kubwa, namba 10, tena ya nzi wa kuzama. Mpwa alitaka namba 16, ambayo ni ndogo zaidi, maana huko namba ikipanda kitu kinapungua. Hapo tu nilielewa, ni kama mshahara.

Sasa kurusha. Mvuvi wa kawaida anafunga kipande kizito cha madini ya risasi kwenye uzi, risasi inaruka, ndoana inafuata. Nzi hana uzito wowote, ni manyoya na hewa, kwa hiyo uzi wenyewe ndio umetengenezwa mzito, na ndio unaorushwa. Fimbo yake ni ya futi 9, inaungwa vipande vinne, imeandikwa namba 5, ndiyo namba ya uzito wa uzi, na uzi nao lazima uwe namba 5; ukivaa namba 3 fimbo haipindi, ukivaa namba 8 inalegea kama mgonjwa. Mwisho wa uzi mnene kuna uzi wa plastiki wa futi nyingine 9, unaochongoka mpaka milimita 0.15 penye nzi. Fundo liloweshwe mate kwanza ndipo likazwe, la sivyo linaungua lenyewe kwa msuguano na kukatika mbele ya samaki.

Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, mguu juu ya mguu, kama mtu mzima anayestahili wageni. Ndipo akaingia mwenye nyumba.

Alikuja kwa ile habari mnayoijua, tarehe ilikuwa imepita. Alivaa abakosi yake ya kijivu, ile suti ya zama za Mobutu, na kalamu mfukoni. Akaona fimbo. Akasahau kodi. «Lete hapa,» akasema, «mimi nilivua mto Ruzizi mbele baba yako azaliwe.»

Anayefundishwa hutakiwa kufungiwa kipande cha sufi mahali pa ndoana. Mpwa aliacha ndoana. Tena hutakiwa kuubana ule mwiba wa ndoana kwa koleo uwe tambarare. Aliuacha pia, eti atabana akifika Kenya.

Halafu likaja kosa lenyewe. Kule Ulaya wanamchora mvuvi amesimama ndani ya saa ya ukutani: kichwa kwenye 12, fimbo ikienda mbele ikome kwenye 10, ikirudi nyuma ikome kwenye 2. Mpwa, ambaye Kiswahili alikisahau uwanja wa ndege, akasema: «Muzee, mbele saa kumi, nyuma saa mbili.»

Mwenye nyumba akatazama saa yake ya mkononi. Saa kumi ya mtu mwenye akili mshale mfupi uko kwenye 4, yaani nyuma, chini, usawa wa matako. Saa mbili uko kwenye 8, mbele, karibu na magoti. «Umechanganya,» akamwambia, «saa kumi ndiyo iko nyuma.» Akakosoa kwa heshima, akaanza.

Fimbo ikikoma juu kwa ghafla, ncha yake inafyatuka na uzi unapita nyuma juu ya bega, unanyooka hewani. Unangoja unyooke, ndipo unapeleka mbele. Kukoma ndiko kunakorusha, nguvu hairushi kitu. Mzee hakukoma. Aliishusha fimbo mpaka saa kumi kamili, uzi ukalala chini, ukapita kwenye beseni la sombe, majani ya muhogo, akavuta kwa mkono wa mtu aliyevua Ruzizi. Ndoana ikatoka kwenye sombe ikaingia penye suruali ya abakosi, upande wa kukalia.

Na hapo ndipo nilipoinuka. Ndoana ikinasa unaielekezea fimbo moja kwa moja na kuvuta uzi kwa mkono! Yeye akainua fimbo kwa hasira, ikapinda kuliko inavyoruhusiwa, kipande cha juu kikalia *paa*. Kaboni haipindi mara mbili.

Kutoa ndoana yenye mwiba ni hivi: pitisha uzi mnene kwenye mkunjo wake, bonyeza jicho la ndoana chini kwenye ngozi, vuta uzi kwa ghafla ukiufuatisha ngozi. Haiumi, mpwa aliapa. Muuguzi wa pembeni aliifanya nyuma ya pazia. Sisi tulisikia jina la Bwana likitajwa.

Nilimuuliza mpwa huko loji samaki wanapikwaje. Hawapikwi. Unalowesha mikono usimtoe ute, unamshika majini, hewani asipite sekunde kumi, unamwelekeza kwenye mkondo, anaenda zake. Na unalipa kwa usiku! Mama muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, aliyekuwa akipita aliweka chini sinia yake. «Munalipa, munashika, munarudisha. Si mungebaki tu nyumbani?»

Suruali ile itaongezwa kwenye garanti, pesa ya dhamana ya nyumba, najua. Na sambaza zenyewe wiki hii hakuna, mwezi umejaa, taa za wavuvi haziiti samaki ziwa likiwa jeupe lote, hata mkiunga mitumbwi mitatu na kupiga mluzi mpaka kisiwa cha Idjwi. Ni maharage tena. Lakini nani amesogeza bido yangu ya njano? Ile yenye kizibo cha gunzi! Nani?