Kesi ikivuka mpaka, mahakama ifuate utaratibu wa nani?

Mkataba umesainiwa nchi moja, mzigo umeharibikia nchi ya pili, kesi imefunguliwa ya tatu. Jaji anaweza kupima haki za wahusika kwa sheria ya kigeni, lakini shauri ataliendesha kwa taratibu za mahakama yake. Karibu dunia nzima inakubaliana hapo.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja. Hati za madai, viapo, kuhoji mashahidi, rufaa: jaji hawezi kuvibadili kila anapofika mdai mgeni. Makarani na mawakili wangepotea njia, na gharama angezibeba huyo huyo mgeni.

Kwa hayo sina ubishi. Ugomvi ni pale jambo linaloamua nani apate nini linapobatizwa jina la utaratibu, likaondolewa kwenye sheria ya kigeni inayotawala dai. Mwaka 1852 mahakama ya Uingereza ilikataa madai ya mkataba wa ajira uliofungwa kwa mdomo huko Calais. Kwa sheria ya Ufaransa mkataba huo ulikuwa halali kabisa. Waingereza wakasema sharti lao la maandishi ni la utaratibu, basi mdai akatoka mikono mitupu.

Ukomo wa muda wa kudai umeleta vituko zaidi. Mwaka 1882 mahakama ya juu ya Ujerumani ilipokea hati za ahadi ya malipo zilizotawaliwa na sheria ya Tennessee, Marekani. Ikaona ukomo wa Tennessee ni utaratibu, kwa hiyo hautumiki Ujerumani. Ukomo wa Kijerumani nao unagusa haki yenyewe, kwa hiyo hauligusi deni la Tennessee. Deni likabaki bila ukomo wowote, jambo ambalo hakuna mtunga sheria wa upande wowote aliyelitaka. Uingereza ilijirekebisha kwa sheria ya 1984, ukomo ukafuata sheria inayotawala dai, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikafuata njia hiyo mwaka 1994.

Upande wa pili utasema kuthibitisha sheria ya kigeni kunahitaji wataalamu, nao hulipwa. Kweli. Ila naona ni nafuu kuliko mdai kuchagua mahakama kwa kuangalia ipi itampa fidia kubwa.

Mtihani mgumu ni ushahidi, maana nao huamua mshindi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zimeugawa: dhana za kisheria (mambo ambayo sheria huyachukulia kuwa kweli bila kuthibitishwa) na nani abebe mzigo wa kuthibitisha hufuata sheria inayotawala dai, ila ushahidi kwa jumla hubaki kwa mahakama inayosikiliza.