Jumapili Ambayo Kamati Nzima Iligeuka Shemeji

Naandika haraka kabla toleo la rafiki yangu wa PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) halijamfikia kila mtu. Yeye anasambaza kwamba nililia chooni. Sikulia. Nilikuwa nanawa uso.

Na hakuna Mrusi aliyedukua kitu. Hilo nililisema mwenyewe palepale, kwa woga, na naomba tulizike.

Kamati za harusi mnazijua. Jumapili jioni, bustani ya baa Sinza, viti vya plastiki, mweka hazina na kaunta buku lake anasoma majina: fulani, ahadi laki moja, bado elfu themanini. Mwenye jina anaangalia soda yake. Anayeoa ni mtoto wa shangazi yangu, na kwa kuwa mimi ndiye "wa kompyuta" wa ukoo (yule anayepigiwa simu hata king'amuzi kikigoma), nikapewa cheo cha Katibu wa TEHAMA. Cheo kikanipanda kichwani. Nikatangaza kwamba kaunta buku basi, natengeneza mfumo. Mtu anafungua kwa simu, anaweka namba yake na neno la siri, anaona ahadi yake, alicholipa na kilichobaki. Fedheha ya kusomwa mbele za watu mwisho.

Sasa mimi ni fundi wa mbele. JavaScript, lugha ya programu, nimeizoea kwenye kivinjari, kile unachofungulia tovuti: vitufe, menyu, picha za kuteleza. Rafiki yangu akanishauri upande wa seva, yaani kompyuta inayohudumia simu zote, nitumie PHP. Nikamcheka. Nikamwambia tangu 2009, Ryan Dahl alipotoa Node.js, programu ya kuiendesha JavaScript nje ya kivinjari, JavaScript inaendeshwa kwenye seva vizuri tu, kwa hiyo lugha moja inanitosha mbele na nyuma. Akasema, "Lugha ni moja, ila huko nyuma mambo siyo ya mbele." Nilidhani ni wivu.

Kwenye kamati ndiyo nikavimba kabisa. Nikawaeleza jinsi Brendan Eich alivyoitengeneza JavaScript pale Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1995, tena kwa siku 10. Nikatulia nipigiwe makofi. Mama mdogo, ambaye ndiye mweka hazina na ni mhasibu mstaafu, akavua miwani.

"Kwa hiyo lugha iliyopikwa siku 10 ndiyo itunze hela za watu?"

"Imeshakua sasa, Mama mdogo."

Dalili zilikuwepo, sisemi hazikuwepo. Nilianza kwa kuandika alert, kile kisanduku cha ujumbe, ya kumkaribisha mtu, seva ikajibu haimjui alert. Nikamwita document, haimjui. Window, haimjui. Kumbe wote hao ni wa kivinjari, siyo wa lugha yenyewe. Halafu kwenye jumla ya michango, elfu hamsini na elfu ishirini zikanipa 5000020000, bilioni tano na ushee, maana kinachotoka kwenye fomu kinafika kama maandishi, na JavaScript ukiipa maandishi mawili na alama ya kujumlisha, inayagandisha tu moja nyuma ya jingine. Hilo nilirekebisha. Nikajiona nimekomaa.

Lililoniua lilikuwa mstari mmoja, juu kabisa ya faili: let mgeni, yaani nafasi moja ya kumbukumbu iitwayo mgeni. Mtu akiingia, jina lake na hesabu zake zinawekwa kwenye mgeni, na ukurasa unamwonyesha mgeni. Basi. Kwenye kivinjari hiyo ni halali kabisa, kwa sababu kila simu ina nakala yake ya programu. Mgeni wa simu yangu hana habari na mgeni wa simu yako. Nilijaribu nyumbani, peke yangu, kwa simu moja. Ikafanya kazi kama malaika. (Ndiyo, peke yangu. Nyie mnaoandika "ulijaribu na watu wangapi" tayari mmeshajibiwa, tuendelee.)

Jumapili ikafika. Kompyuta yangu nimeiunganisha na projekta, shuka jeupe limetundikwa ukutani, Mwenyekiti, ambaye ni baba mkubwa, kanikaribisha kwa neno "kijana wetu." Kiungo kimetumwa kwenye grupu. Na mimi kwa mbwembwe zangu nilikuwa nimeuwekea ukurasa ujifungue upya wenyewe kila sekunde 10, ili Mama mdogo akipokea hela mtu aone papo hapo.

Watu wakaingia kwa mpigo. Mjomba akaona jina lake, akatabasamu. Shangazi naye. Wa mwisho alikuwa shemeji, anayeandika kwa kidole kimoja. Akaweka namba. Akaweka neno la siri. Akabonyeza Ingia.

Sekunde zikapita. Kisha bustani nzima, simu moja baada ya nyingine, ikageuka:

Karibu Shemeji. Ahadi: 500,000. Umelipa: 0.

Mjomba akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu. "Mimi ni shemeji wa nani?" Shangazi akasoma kwa sauti, maana shangazi husoma kila kitu kwa sauti: "Umelipa, sifuri." Shemeji mwenyewe, maskini, ndiye pekee aliyeona kila kitu kiko sawa kwenye simu yake, akawa anashangaa mbona wote wamemgeukia.

Nikasimama. Nikasema ni mtandao. Nikasema ni Warusi. Mtu mmoja akaingia upya ili ajiokoe, na kamati nzima ikawa yeye: laki mbili, amelipa elfu kumi. Akaingia mwingine kumfuta huyo. Sasa kila anayetaka kujificha anamwanika mwenzake, halafu anaanikwa yeye.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Nikasema, jamani tulieni, ngoja niingie mimi nione tatizo.

Nikaweka namba yangu. Nikaweka neno la siri. Kidole kiko juu ya kitufe na mtu mwenye akili angekiondoa. Nikabonyeza. Na kidole kikiwa bado hakijainuka, akili ikafunguka yote kwa mpigo: kwenye seva programu ni moja, inawahudumia wote, na mgeni ni mmoja. Aliyeingia mwisho ndiye kila mtu. Aliyeingia mwisho ni mimi.

Na mimi nilikuwa sijalipa hata shilingi.

Ziliposalia sekunde chache nikarukia kompyuta kuizima seva. Kwa hiyo dirisha jeusi la kuandikia amri likafunguka kwenye shuka, mbele ya ukoo, na mimi naandika neno la siri la seva kwa mikono inayotetemeka. Limekataliwa. Naandika tena. Limekataliwa, herufi kubwa zilikuwa zimejifunga. Nikajua simu ya kwanza kugeuka ni ya shangazi, kwa sababu alivuta pumzi kabla ya kusoma.

"Karibu Katibu wa TEHAMA. Ahadi, laki tatu. Umelipa..."

Hakumalizia. Akanitazama. Kisha wakamalizia wengine kwa pamoja, meza hadi meza, na mhudumu wa baa aliyekuwa anapita na trei akacheka, mtu ambaye hata hanijui.

Hapo ndipo nilipokwenda kunawa uso.

Yaliyofuata ni mafupi. Rafiki yangu akanieleza kwa furaha isiyofichika kwamba PHP kwa kawaida huanza upya kila mtu anapoomba ukurasa na kusahau yote, mgeni wangu angekufa palepale bila kumdhuru mtu. Nikamkumbusha kwamba PHP nayo ilitolewa mwaka huohuo wa 1995, asijifanye mkubwa. Nikafuta ule mstari, nikaweka kuki, alama ndogo inayokaa kwenye simu, ya kumtambulisha kila mtu na kumbukumbu yake mwenyewe, nikajaribu kwa simu zote za nyumbani pamoja na ya mlinzi. Laki tatu nimelipa, risiti ninayo, atakayeuliza nitamtumia.

Shemeji alilipa usiku uleule. Na yule wa elfu kumi akamalizia. Michango ya wiki hiyo Mama mdogo anasema hajaiona tangu aanze kushika hazina za harusi, na jana kanipigia simu, sauti ameishusha.

"Mwanangu, ule ugonjwa wa mfumo wako umeutibu kabisa?"

"Kabisa, Mama mdogo."

"Hauwezi kuurudisha Jumapili moja tu? Mwenyekiti bado hajatoa kitu."