Wati 65, bado haishibi

Jumapili saa tatu usiku mpwa wangu kanipigia simu, sauti ya mtu aliyeibiwa. "Shikamoo mjomba. Ile diski imezima tena." Marahaba, umeichomeka hiyo Raspberry Pi, kompyuta yako ndogo ya bodi moja, kwenye chaja gani? "Ya laptop. Ya wati 65." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nashindwa kulijibu bila kutukana: "Kwani wati 65 ni ndogo?"

Si ndogo. Raspberry Pi 5 chaja yake rasmi ni ya wati 27 tu. Shida ni kwamba inazitaka kwa masharti yake: volti 5 kwa ampea 5. Chaja za USB-C tulizonazo majumbani, zikiwa kwenye volti 5, karibu zote zinaishia ampea 3. Zikitakiwa kutoa nguvu zaidi zinapandisha volti, 9, 15, mpaka 20, na simu na laptop zinakula hivyo hivyo bila kelele. Pi 5 hailijui hilo. Ukiipa chaja ya namna hiyo inawaka vizuri tu, inakuandikia onyo, halafu inayabana matundu yake manne ya USB yagawane miliampea 600. Ungekuwa na chaja yao ungepata 1,600. Sasa diski ya mpwa wangu ni zile za zamani za kuzunguka. Ukiisogezea sikio unasikia kila kitu: inaguna, inaanza kupanda, tik, inalala. Inajaribu tena. Tik.

Ndiyo, naijua ile amri ya usb_max_current_enable=1 ya kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, msihangaike kunitumia. Nilimwelekeza hiyo hiyo usiku ule. Lakini pale hujaongeza umeme wowote, umeiambia tu bodi iamini kwamba ampea 5 zipo. Ni maneno ya konda: sogea nyuma, nafasi ipo.

Diski tungeimudu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwepo mwanzoni. Model B ya 2012, Raspberry Pi ya kwanza kuuzwa, ilikuwa dola 35, na mtu ukisema dola 35 ulimaanisha dola 35. Yangu niliiwasha kwa chaja ya simu, nikachomeka waya wa njano wa picha kwenye TV ya chogo ya sebuleni, kadi ya SD nikaitoa kwenye kamera, kibodi ilikuwa ya intaneti kafe iliyofungwa. Maandishi yalikuwa yanacheza kama yana homa, lakini yalisomeka. Sikununua kitu kingine hata kimoja. Huo ndio ulikuwa uzuri wenyewe: kompyuta inayokula kilichopo nyumbani. Kasi ilikuwa aibu, na hakuna aliyejali.

Hii ya 5 ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 60, ya RAM ya GB 4. Haya, ongeza chaja yao, dola 12. Ongeza feni yao, dola 5, maana bila feni ukiipa kazi ya kweli inapata joto na kujipunguzia kasi, na joto la Dar tunalijua. Matundu ya skrini ni yale ya HDMI ndogo kabisa, ambayo TV yako haina, kwa hiyo nunua waya. Tundu la spika wameliondoa. Ule waya wa njano sasa ni vishimo viwili vya kulehemu pembeni mwa bodi, kazi kwako. Saa ya ndani imewekwa, hongera, ila betri yake inauzwa kando. Mgeni njoo mwenyeji apone, tuliambiwa. Huyu kaja anataka umnunulie godoro lake, shuka lake na chandarua chake.

Kuna kitufe cha kuwasha na kuzima pia. Tangu 2012! Miaka 11 tunachomoa waya na kuua kadi za SD, kumbe dawa ilikuwa kitufe.

Nitasema na mazuri yake, ingawa leo sina moyo huo. Ina kasi. Prosesa ya gigahezi 2.4 inafanya kazi mara mbili au tatu ya Pi 4, na kivinjari kinafunguka kabla hujapiga miayo. Ile njia ya kasi ya PCIe kwa ajili ya SSD, diski isiyozunguka, ni jambo la maana sana (kwa aliyenunua na kibao kidogo cha kuunganishia, bila shaka).

Na upatikanaji? Sijasahau 2021 na 2022, bodi hazionekani, walanguzi wanauza Pi 4 kwa bei ya laptop ya mtumba, na kampuni yenyewe inatuambia wenye viwanda watangulie. Kwa hii ya 5 walijirekebisha kidogo, wakasema mpaka mwisho wa 2023 bodi zote zitauzwa mojamoja kwa watu binafsi. Sawa, nawapa hiyo. Desemba 2025 wakapandisha bei kwa sababu RAM imepanda duniani, ya GB 8 ikatoka dola 80 kwenda 95. Hilo nalo siwalaumu. Ila kwa hesabu hizo ukipita Kariakoo unapata kompyuta ndogo ya ofisi, mtumba, ina kasha, ina chaja, ina diski ndani, na inawaka hapo hapo dukani mbele yako. Haina pini 40 za kuchezea taa na sensa, ni kweli. Mpwa wangu anataka pini. Kwa hiyo alinunua Pi.

Chaja rasmi anamletea mtu anayetoka Nairobi wiki ijayo. Kwa sasa diski tumeihamishia kwenye hub, kile kigawanya matundu ya USB, yenye umeme wake, na onyo bado linatokea kila akiwasha. Alinitumia picha: extension ya matundu manne pale mezani, moja limeshikwa na skrini, moja na hub, moja na chaja ya laptop inayolisha bodi ya ukubwa wa kadi ya benki, na la nne ni la feni ya mezani inayoipuliza, kwa sababu ile feni ya dola 5 nayo imeisha madukani. Simu anachajia jikoni.